Sumu Isiyo Sumu: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Watungao programu za kompyuta kwa Kiingereza wamelizoea neno moja lenye harufu ya mauti, nalo ni poison. Hulitumia mchana kutwa pasipo kuona ajabu: kumbukumbu ya mashine hutiwa sumu, majina hutiwa sumu, hesabu huzaa sumu, na ukurasa ulioharibika huandikwa kuwa una sumu. Mfasiri wa Kiswahili alifikiapo neno hilo huiona kazi yake kuwa nyepesi, kwani kamusi zamwambia neno moja tu, sumu, ambalo lilitoka katika Kiarabu likakaa kama mwenyeji. Basi huliandika, akapita. Lakini hapo ndipo akoseapo. Kiswahili, na hasa hiki cha Unguja, kina maneno manne au matano mahali ambapo Kiingereza kimetosheka na moja. Na kosa hilo si la urembo wa lugha tu, maana lamfundisha mwanafunzi kinyume cha jambo lenyewe.

Swali hili lilichelewa kuulizwa kwa sababu kazi ya kukitia Kiswahili katika kompyuta ilianzia nje. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini ulihusu uso wa mashine, yaani amri za kufungua faili, kuhifadhi, kuchapa na kufuta. Vyumba vya ndani, yaani mfumo endeshi wenyewe, na kompaila igeuzayo maandishi ya mtungaji kuwa amri za mashine, viliachwa kwa Kiingereza. Leo kijana asomaye sayansi ya kompyuta, iwe katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iwe kwingineko, husoma msimbo kwa Kiingereza na kuulizana na mwenziwe kwa Kiswahili. Katika kuulizana huko ndimo istilahi huzaliwa, na mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati wake.

Yafaa kwanza kulitazama neno sumu lilivyo katika vinywa vya watu. Sumu ya Kiswahili ina watu watatu: mtiaji, kitiwacho na mlaji. Mtiaji ni adui, au ni maumbile yenyewe, kama katika sumu ya nyoka au ya bunju. Kitiwacho ni chakula, kinywaji au kisima. Mlaji ndiye aumiaye, naye hana hatia. Hata tusemi twa mjini twafuata mpango huo: asemaye kuwa fulani ametiwa sumu moyoni juu ya nduguye, humtaja mtu aliyedhulumiwa na mtu mwingine aliyemchongea. Wala visiwani neno hili si la mchezo. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi walilazwa hospitali. Msikilizaji wa Unguja au Pemba aambiwapo kuwa kitu kina sumu, jambo la kwanza moyoni mwake ni kukitupa mbali na kuwalinda waliokaribu nacho.

Sasa na itazamwe ile iitwayo sumu katika kiini cha Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini hicho hugawa kumbukumbu kwa vipande. Programu huomba kipande, hukitumia, kisha hukirudisha. Kosa kubwa na la siku nyingi la watungaji ni kukirudisha kipande kisha kuendelea kukiandika au kukisoma kana kwamba bado ni chao, hali huenda mwingine amekwisha kupewa. Kosa la namna hii halionekani papo hapo. Laweza kulala siku kadhaa, likatokea mahali pengine kabisa, likamsingizia asiyehusika. Ili kulifichua, kiini, kikiamriwa, hukijaza kipande kilichorudishwa nambari moja tangu mwanzo hata karibu na mwisho: 6b kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, na baiti ya mwisho kabisa hutiwa a5. Kipande kilichokwisha kutolewa lakini hakijaandikwa kitu hujazwa 5a. Kabla ya kumpa mwombaji mpya kipande kile, kiini hukikagua. Ikiwa ile 6b imebadilika hata mahali pamoja, basi yupo aliyeingia katika mali isiyo yake, na kiini hupiga kelele na kuandika habari zote.

Ni nani hapa aliye adui? Si mtiaji, yeye ndiye mwenye mali, au mlinzi wake. Ni nani adhurikaye? Si asiye na hatia, bali ni mwizi peke yake. Mwenye haki ya kipande hapati dhara lolote, kwani apewapo, alama zile huondolewa kwa ajili yake. Mpango huu sio wa sumu hata kidogo, na mzee yeyote wa shamba, wa Makunduchi au wa Donge, angeutambua mara moja na kuutaja kwa jina lake. Hili ni kago. Mwenye mnazi au muhogo hukaga shamba lake, akatundika mtini kitambaa, au chupa, au kifuu, ili ajuaye ajue. Apitaye njia hadhuriki, na mwenyewe akija kuvuna hadhuriki. Bali mwenye kuchuma usiku ndiye ashikwaye. Hapa haina haja kuuliza kama kago la shamba lafanya kazi kweli. La kumbukumbu lafanya, na lenye kutafutwa ni jina la mpango wa watu na hatia, ambao Kiswahili kilikuwa nao tayari.

Ubora wa neno hili waonekana zaidi katika mambo madogo. Kago halifichwi. Nambari zile za kiini cha Linux nazo hazifichwi. Zimeandikwa katika faili moja ijulikanayo na wote, ili mtu asomaye maiti ya programu iliyoanguka, akiona 6b6b6b6b imejipanga, aseme papo hapo kuwa huyu alishika mali iliyokwisha kurudishwa. (Katika jedwali la herufi za kompyuta, 6b ni herufi k na 5a ni Z kubwa. Mwenye kupenda bahati nasibu aweza kusoma humo kago na Zanzibar, lakini waliochagua hawakuwa na habari hiyo.) Tena, kiini kinapogundua kuwa alama zimeharibiwa, huandika kwa Kiingereza maneno ambayo mfasiri wa sumu angeyageuza kuwa sumu imeandikwa juu yake, jambo lisilo na maana kwa mtu yeyote azungumzaye Kiswahili. Mfasiri wa kago angeandika: kago limevunjwa. Hata asiyejua kompyuta ataelewa kuwa yuko aliyeingia.

Ndugu wa kago hili ni ile alama iachwayo katika orodha zilizofungamanishwa, ambamo kila kitu kina anwani ya kile kimfuatacho na ya kile kimtanguliacho. Kitu kiondolewapo katika orodha, kiini hakiziachi zile anwani zake mbili za zamani, wala hakiziandiki sifuri, bali huandika mahali pake anwani mbili bandia ambazo kwa kawaida hapana kitu. Afuataye anwani hizo huangukia patupu, na kosa lake likajulikana saa ile ile. Ni kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumba iliyokwisha kubomolewa Shangani, naye kwa makusudi akamwelekeza mwulizaji hadi ukingoni mwa bahari: afadhali asimame majini ajue kuwa nyumba haipo kuliko kugonga mlango wa watu wengine akapokewa kwa makosa. Hapa kago limekuwa la njia badala ya shamba, lakini nia ni ile ile.

Wako watakaopendelea neno tego, kwa kuwa latokana na kutega na lina mtego ndani yake. Lakini tego la pwani lina habari zake, nazo ni za ndoa na wagoni. Mwalimu akilitamka darasani vijana watacheka hata somo liishe. Mtego wenyewe ni neno safi zaidi, na asiyependa kago aweza kulitumia. Ila mtego hufichwa, tena huwinda, na kinachowindwa hakina hatia ila ya njaa.

Aina ya pili yataka maneno machache, kwa kuwa ni nyepesi. Kompaila iitwayo GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ina amri ya kulitia jina sumu. Mtungaji aorodhesha majina ya kazi asizotaka zitumike, mathalani zile za zamani ziandikazo maneno katika kumbukumbu pasipo kupima nafasi, mfano wa mtu amiminaye maji kikombeni hali ametazama pengine. Tangu mstari ule kwenda chini, jina lolote katika yale likionekana, kompaila hukataa kuendelea. Hapana mlaji, hapana mwizi, hapana uganga. Hii ni sheria, na neno lake ni marufuku. Jina limepigwa marufuku, basi. Jambo la kupendeza ni kwamba sheria hii hairudi nyuma: ikiwa jina lile lilikwisha kutiwa ndani ya ufupisho ulioandikwa kabla ya marufuku, ufupisho huo ukitumika baadaye haushtakiwi. Kadhi yeyote angeikubali hukumu hiyo. Neno sumu lingeificha, kwa sababu sumu haijui kabla na baada.

Aina ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo iliyowatoa jasho hata wenyewe. Katika LLVM, mfumo wa kujengea kompaila ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, sumu si alama iliyotiwa na mtu, bali ni hali ya thamani yenyewe. Hutokea hivi. Mtungaji wa programu huahidi, kwa kuifuata lugha aandikiayo, kwamba jumla fulani haitapita mpaka. Nambari ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa haiwezi kuzidi 2147483647. Kompaila, ikiishika ahadi hiyo, hurahisisha hesabu kwa njia zisizowezekana bila ya ahadi. Ikiwa ahadi ilivunjwa, na ile 2147483647 ikaongezwa moja, jibu si nambari mbaya, wala si nambari yoyote: ni sumu.

Kisha thamani hiyo yaambukiza. Ikijumlishwa na nyingine, jibu ni sumu. Ikizidishwa kwa sifuri, ambako mtoto wa shule angesema jibu ni sifuri bila ya kuuliza, jibu bado ni sumu. Lakini, na hapa ndipo penye siri, kuwapo kwake tu si kosa. Yaweza kukaa, yaweza kunakiliwa, yaweza kuwekwa katika kumbukumbu, na programu ikawa salama. Pia, mahali ambapo programu huchagua moja katika thamani mbili, sumu ikiwa katika ile isiyochaguliwa haidhuru kitu. Dhara huja pale programu itakapoiuliza sumu ile njia ya kupita, au itakapoitumia kama anwani ya kusoma au kuandika. Hapo programu yote huwa haina hukumu, na kompaila haiwajibiki kwa lolote litakalotokea.

Msomaji aliyekaa chuoni utotoni, katika Mji Mkongwe au katika kijiji chochote cha Unguja, hapana shaka ameanza kusikia sauti ya mwalimu wake. Hali hii amekwisha kufundishwa, nayo ni najisi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa visiwani, najisi kavu ikigusana na kitu kikavu haihami. Unyevu ndio uipitishao. Nguo yenye najisi haimtii mtu hatiani kwa kuwa nayo sandukuni wala kwa kuivaa kwenda shambani. Swali hufika wakati wa sala. Akisali nayo, sala haikusihi. Mambo matatu yanayowasumbua wanafunzi wa LLVM, yaani kwamba sumu hupita kwa njia fulani wala si kwa nyingine, kwamba kuwapo kwake si kosa, na kwamba kosa ni kuitumia katika matendo maalumu, yote matatu yamekwisha kupangwa katika neno hili moja. Neno sumu halina hata moja. Sumu haingoji tendo, yatosha kuila.

Mfano huu, kama mifano yote, una ukomo wake, na yapasa usemwe. Fiqhi yajua maji mengi: yakifikia kiasi cha kulateni, najisi ikaingia bila ya kuyabadilisha rangi, ladha wala harufu, hubaki tohara. LLVM haijui wingi huo. Hesabu elfu safi haziwezi kuizamisha thamani moja najisi. Tena, fiqhi ina kutoharisha, na hapa wafasiri wengi watajikwaa, kwa sababu LLVM nayo ina amri inayoonekana kama tohara. Amri hiyo, ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la kugandisha, ilielezwa na Juneyoung Lee na wenzake mwaka 2017, ikaingizwa katika toleo la 10 mwaka 2020. Huichukua thamani, ikiwa ni safi, huirudisha ilivyo, ikiwa ni sumu, hutoa nambari yoyote ile, ila tangu hapo nambari hiyo haibadiliki kwa kila aitazamaye.

Hiyo si tohara. Nguo iliyotoharishwa hurudi kuwa ile ile. Bali thamani hii hairudi kuwa jibu la haki, kwani jibu la haki halikuwapo tangu mwanzo. Inafanana zaidi na mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwake, akafika mbele ya karani, na karani akamwandikia mwaka mmoja. Huenda si wa kweli. Lakini kuanzia siku hiyo kila daftari litautaja mwaka ule ule, na mambo ya mzee yataweza kwenda. Kwa hiyo kulitafsiri neno la Kiingereza kwa kugandisha, kama barafu, kwasema nusu tu ya habari: kwasema kuwa thamani imetulia, hakusemi kuwa ilichaguliwa kiholela. Kukata shauri kungefaa zaidi. Thamani imekatiwa shauri.

Iko pia aina ya nne, nayo ni ya chuma. Mwaka 2009, katika toleo la 2.6.32, kiini cha Linux kilipata uwezo wa kuushughulikia ukurasa wa kumbukumbu, ambao mara nyingi ni baiti 4096, ulioripotiwa na mashine yenyewe kuwa umeharibika. Ukurasa hupigwa alama, huondolewa katika ugavi, na programu iliyokuwa ikiutegemea, ikiwa hakuna nakala nyingine ya yaliyomo, huuawa. Watu wa Unguja hawahitaji kutafuta mbali jina la tendo hilo: wauone tu mbele ya Forodhani Kisiwa cha Changuu, ambako jengo lililokusudiwa kuwa gereza katika miaka ya 1890 liliishia kuwa mahali pa kuwatenga abiria walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Ukurasa umetiwa karantini. Sumu hapa ingekuwa masingizio, kwa kuwa hapana aliyeitia; ukurasa umeugua.

Hata hapa mtu aweza kusema: na iwe hivyo, lakini kuna dhara gani kuita vyote sumu, madhali mwanafunzi ataelezwa? Dhara liko, nalo ni kwamba kompyuta ina sumu ya kweli, na itakosa jina. Iko mashine ikumbukayo majibu ya maswali ya intaneti, kwamba jina fulani lina anwani fulani, ili isiulize kila mara. Adui akifaulu kuipachika jibu la uongo, wote waulizao baadaye hupelekwa kwake, nao hawana habari. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha jinsi jambo hilo lilivyo rahisi kuliko ilivyodhaniwa, hata watengenezaji wakubwa wakalazimika kutoa marekebisho kwa pamoja. Hii ni sumu kamili: mtiaji ni adui, kitiwacho ni kisima cha wote, mlaji hana hatia. Mifumo ijifunzayo kwa kusomeshwa maandishi mengi nayo yakabiliwa na sumu ya namna hiyo hiyo, itiwayo katika maandishi kabla hayajasomwa. Kijana aliyefundishwa kuwa kiini cha Linux hutia sumu, na kuwa mhalifu wa intaneti naye hutia sumu, amepewa neno moja kwa mlinzi na kwa mwizi. Aonapo 6b6b6b6b katika taarifa ya mashine iliyoanguka, atadhani imeshambuliwa, na atakimbilia kuzifuta alama ambazo ndizo ushahidi wake pekee. Kiingereza chaweza kuvumilia mchanganyiko huo kwa sababu wasemaji wake wamekwisha kuzoea, kila mmoja katika kibanda chake. Lugha ijengayo istilahi sasa haina sababu ya kurithi uvivu wa mwingine.

Hoja nzito zaidi itatoka upande wa dini. Kago, watasema, lanuka ushirikina, na najisi ni neno la fiqhi lisilofaa kuchezewa katika mashine. Hoja hii haifai kupuuzwa, hasa na watu wa mji ambao misikiti yake imekaribiana kuliko maduka ya vitabu. Lakini lugha haiungami kila neno itumialo. Asemaye kuwa biashara fulani imeingia mkosi hajakana imani yake, na mwenye kumwita mtoto mtundu shetani hatoi fatwa. Kuhusu najisi, jambo ni jingine: ikiwa masheikh watachukizwa, na iandikwe thamani chafu, ambayo itapoteza theluthi mbili za maana lakini itabaki bora kuliko sumu. Kago halina badala iliyo sawa nalo.

Iko hoja nyingine ya wanaisimu wenyewe, kwamba maneno ya shamba la Unguja hayatasikika Nairobi wala Bujumbura. Hoja hii yasahau historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijenga juu ya msingi huo. Lililofuata ni ajabu kidogo: lahaja iliyochaguliwa kwa utajiri wake ilichukuliwa sarufi yake, na sehemu kubwa ya maneno yake ya kazi ikaachwa visiwani. Kurudi kuyatafuta si upendeleo wa kwao.

Limebaki tendo moja, na hilo ni la kumfurahisha mwenye kupenda vinyambuo. Chombo cha kuchunguza kumbukumbu kiitwacho AddressSanitizer, kilichotangazwa na watu wa Google mwaka 2012, hukizungushia kila kipande ukingo wenye kago, na hutoa amri mbili, ya kutia na ya kutoa. Kiingereza huunda ile ya pili kwa kiambishi cha kukanusha mbele ya neno. Kiswahili kina kauli ya kutendua, lakini kaga haisaidii, kwa kuwa kagua limekwisha kushikwa na maana ya kutazama kwa makini; na mtu asivutwe na umbo akadai kuwa mmoja ni mtoto wa mwingine, maana mshabaha wa sauti si ushahidi wa nasaba. Iko, hata hivyo, jozi nyingine ya zamani, iliyo kamili: zindika na zindua. Nyumba mpya au chombo kipya huzindikwa kwa kinga. Kinga ikiondolewa, kimezinduliwa. Kumbukumbu izindikwe irudishwapo, izinduliwe itolewapo. Kinyambuo hakina kasoro, na mpango wa watu na hatia ni ule ule wa kago. Kizuizi ni kimoja tu. Msomaji wa magazeti wa leo, akiambiwa kuwa kipande cha kumbukumbu kimezinduliwa, atatazama huku na huku kumtafuta waziri, mkasi na utepe.